Ukurasa wa Mgeni

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Baba anasema daktari amekukataza simu, redio na kioo chochote chenye mwanga, ila barua za karatasi amezikubali, mradi usomewe kidogo kidogo na anayekusomea anyamaze akiona umechoka. Basi nimenunua karatasi. Mara ya mwisho kukuandikia kwa mkono nilikuwa darasa la sita, naomba kalamu za rangi. Leo naomba kitu kigumu zaidi.

Kwanza nyumbani, maana najua utauliza. Wote wazima. Ile balbu ya ukumbini uliyoipandia ngazi, Baba ameiweka mwenyewe, kisha ngazi akaifunga kwa mnyororo, utadhani ilikuangusha kwa kusudi. Chumba chako kinafagiliwa. Kiti chako hakikaliwi na mtu.

Sasa ile programu yako, Kidole. Shule ya wasioona imepata mashine mpya ya kuchapa nukta nundu, ile ya zamani imekufa, na Kidole hakiijui hii mpya. Mwalimu wa nukta nundu ameandika kwa upole wake wa siku zote: watoto wanangoja vitabu vya muhula ujao, na kinachotoka kwa sasa ni nukta zisizosomeka, "kama mtu anayeweweseka usingizini," anasema. Marekebisho yenyewe si makubwa, na wapo waliojitolea kuyafanya. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kukijenga Kidole. Wanachukua msimbo wako wote, wanatoa amri ya kuugeuza uwe programu inayokwenda, unawakatalia njiani. Miaka yote hii kimejengwa na mtu mmoja, na ule ukurasa wa kuwaelekeza wachangiaji wapya una mstari mmoja tu: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Chini yake hakuna kitu. Mgeni amekaribishwa, mlango haonyeshwi.

Nimejitwika kazi ya kuuandika. Mtu akija na kompyuta tupu awe na nini kabla hajaanza: zana zipi, toleo lipi, aziweke wapi, ipi itangulie ipi. Hupendi maneno ya kuzunguka, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Bila ukurasa huu Kidole ni cha mtu mmoja, na mtu huyo amelala amefunikwa macho.

Niambie kila unachojua. Anza popote.

Wako,
Bi Maswali


12 Machi

Mwanangu Bi Maswali,

Mwandiko huu si wangu. Anayeniandikia ni jirani yangu wa kitanda cha dirishani. Ni msusi, amevunjika nyonga, anasema vidole vyake ni vizima na mdomo ndio usiseme.

(Marahaba, mwanangu. Najua ungeniamkia kama tungeonana. Nikiongeza langu nitalitia kwenye mabano kama hivi, usije ukadhani ni la shangazi yako. – Msusi)

Barua yako nimeisikia. Andika hivi. Mgeni anahitaji kwanza chombo cha kugeuza msimbo kuwa programu, kisiwe cha toleo la zamani. Pili, maktaba ya maumbo ya herufi, yaani msimbo wa wengine ambao Kidole kinauazima. Tatu, zana ya kuendesha ujenzi wenyewe. Hiyo mara nyingi huja na kompyuta, lakini wewe usimwambie "mara nyingi". Mwambie jinsi ya kuhakikisha kama anayo. Na usiandike "kama kawaida" mahali popote. Kawaida ya nani? Mgeni hana kawaida, ndiyo maana anaitwa mgeni.

Hayo mengine utayaona mwenyewe ukijenga.

Unajaribia kujenga kwenye kompyuta ipi? Hilo unijibu.

(Haya machache yamechukua asubuhi nzima na chai imepoa. Kwa muda huo ningekuwa nimeshasuka mama na binti yake.)

Mwalimu wa nukta nundu umsalimie. Mwambie vitabu vitapatikana.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi,

Mpe Msusi shikamoo yangu, ingawa ameipokea kabla sijaitoa.

Nimeuandika ukurasa, nakuwekea nakala humu. Unajua kazi yangu ni vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, kwa hiyo nina mazoea ya kumwelekeza mtu nisiyemwona: meza kabla ya kula, usikitafune, ukiona vipele acha. Nimeandika kwa namna hiyo hiyo. Kila zana na toleo lake kwa nambari, amri ya kuhakikisha, kinachotakiwa kuonekana. Kisha nikaufuata mwenyewe toka mwanzo, neno kwa neno, na Kidole kikajengeka bila kosa hata moja. Mistari ilipita mbio, halafu lile neno "Tayari" likakaa chini peke yake. Nilibaki nimeketi, sina la kufanya, nalitazama. Nilihisi kama umeniitikia kutoka chumba cha pili.

Kwa wengine haijawa hivyo. Yupo mmoja anayejiita Kobe. Anaishi jirani na shule, anaruhusiwa kuingia na kuigusa ile mashine mpya, kwa hiyo ndiye hasa atakayefanya marekebisho. Amefuata ukurasa hadi hatua ya mwisho, akaambiwa: "Zana ya kupanga nukta haipo kwenye stoo." Akaniuliza stoo ni nini. Nikamjibu kwamba kwangu inajengeka, asome tena kwa utulivu. Akaniandikia: "Dada, nimesoma kwa utulivu mpaka jirani amebisha hodi kuuliza kama kuna msiba. Ukurasa wako ni ramani iliyochorwa na mtu ambaye ameshafika."

Nilikasirika, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nikiwa na mikono majini nikatambua kwamba hata mimi sijui stoo ni nini. Nakuwekea pia karatasi ya msimbo, ile sehemu inayoitaja. Ukisomewa utaniambia mara moja.

Bi Maswali


25 Machi

Mwanangu,

Stoo ni stoo. Kila nyumba inayo. Mwambie huyo Kobe aangalie vizuri.

Ukurasa nimesomewa, tena si mara moja. Ni mzuri, lakini kuna mahali umesema "sakinisha maktaba", ukanyamaza. Mgeni atajuaje kwamba imekubali? Umemwandikia mtu anayekuamini. Mwandikie mtu aliyechoka, ambaye leo hii ameshajaribu programu nyingine mbili zikamkatalia, na ya tatu ikimkatalia anakwenda zake kulala.

(Mwanangu, tafadhali usitume tena karatasi ya msimbo. Niliisoma kwa sauti kama nilivyoagizwa: mabano fungua, nyota, nyota, nukta mkato, mabano funga. Muuguzi akaja mbio kunipima joto.)

Hukunijibu. Unajaribia kwenye mashine ipi?

Daktari anasema naendelea vizuri. Husema hivyo akiwa ameshageuka kuelekea mlangoni, lakini amesema.

Shangazi yako


31 Machi

Shangazi,

Nimekuuliza stoo ni nini, umenijibu kila nyumba inayo. Nimeirudia barua yako nikitafuta sentensi niliyoiruka. Hakuna.

Kobe ameaga. Hakugomba. Ameandika tu kwamba ana shughuli nyingine na anatutakia heri, na heri yake imeniuma kuliko tusi. Mwalimu ameuliza awaambie watoto wangoje au wasingoje. Anasema kungoja wanakuweza. Wasichokiweza ni kuachwa bila jibu.

Nimekuwa nikikufikiria kwa namna nisiyoipenda. Nilipokuwa mdogo ulinifungulia kila kitu nione ndani: saa, kufuli, redio, hata simu ya Baba ambayo haikufungika tena maishani mwake. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia kwa nini. Hilo jina la Bi Maswali ni wewe uliyenipa, na ulilitoa kama zawadi. Sasa nakuuliza jambo moja, unalijua wewe peke yako duniani, na unanizungusha. Je, hutaki kijengwe na mikono mingine? Kama ndivyo, sema, nimjibu mwalimu. Lakini ujue unachokichagua. Kidole kitazimika ungali hai unakitazama.

Sikuuliza unaendeleaje. Naona karatasi imekwisha.

Binti wa kaka yako


5 Aprili

Mwanangu,

Safari hii sina mabano, barua nzima ni yangu. Shangazi yako amelala, hajui kama naandika.

Barua yako nilimsomea. Nilipofika kwenye kuzungushwa nikataka niruke. Akasema, "Soma kama ilivyo, Msusi. Nataka nisikie mtoto wangu amekuwa mkubwa kiasi gani." Nikasoma. Akageukia ukutani.

Hakuzungushi. Hakumbuki. Hicho Kidole anajua alikitengeneza kama mimi ninavyojua kwamba nilizaliwa: nimeambiwa, na walioniambia siwezi kuwashuku. Wewe anakukumbuka, kaka yake anamkumbuka, nyumba yenu amenisimulia mpaka naweza kuitembea nimefumba macho. Ila ile kazi imechotwa yote kama maji ndooni. Yale mambo matatu aliyokuandikia mwanzoni alihangaika kuyatafuta asubuhi nzima, kisha akaniambia, "Hayo yanahitajika na karibu kila programu, Msusi. Nimemwambia mtoto kile ambacho fundi yeyote wa barabarani angemwambia." Akacheka. Halafu hakucheka.

Nilimuuliza, kwa nini usiseme? Akanijibu, "Siku nikimwambia sijui, ataacha kuniuliza. Nikishaacha kuulizwa, nimebaki mgonjwa tu."

Kila jioni ananitaka nimsomee ule ukurasa wako wa maelekezo, si barua. Hatua ya kwanza, hatua ya pili. Ananisimamisha: "Kwa nini hii itangulie ile?" Mimi nitajuaje? Mimi na kompyuta hupishana njiani bila kusalimiana. Lakini ananiuliza kwa macho makali chini ya kitambaa chake, nayaona kabisa, na kwa kitambo hicho hafanani na mgonjwa.

Mtu akikaa kwenye kigoda changu hunimwagia yote, na kazi yangu ni kuyasukia humo humo kichwani mwake yasitoke. Leo nimefumua. Kama nimekosea, nimekosea kwa kumpenda. Usimwambie. Ila usiache kumuuliza.

Msusi


14 Aprili

Shangazi,

Barua yangu iliyopita naomba uichane. Kama Msusi ameificha, mwambie aitoe, aichane vipande vidogo.

Kuna swali umeniuliza mara mbili nami nikajifanya sikulisikia. Jibu ni hili: ninajaribia kwenye mashine yako. Kioo cha yangu kilipasuka hata kabla hujaanguka. Nikaingia chumbani kwako na kukaa kwenye kiti nilichokuandikia kwamba hakikaliwi na mtu. Neno la siri lilikuwa pale pale ulipolibandika, chini ya kibodi, ambapo mwizi wa kwanza angetazama. Nilikuwa na sababu ya kazi, lakini si hiyo tu. Kile kiti kimeshika umbo lako. Nikikaa naona kama umetoka kidogo, unarudi.

Kwa hiyo nimekuwa nikiujaribu mlango wa nyumba nikiwa ndani. Kila kitu kilichohitajika kilikuwa kimeshawekwa na wewe miaka mingi iliyopita, na mimi nikadhani ni ukurasa wangu unaofanya kazi. Nilimwambia Kobe asome kwa utulivu, yeye yuko nje mvuani, mimi nimekunja miguu sebuleni.

Fundi wa kompyuta wa kazini amenipa mashine iliyofutwa yote. Nikaanza upya, nikakwama mapema kuliko Kobe na nikakwama vibaya zaidi. Ndipo nikarudi kwenye mashine yako, safari hii kutafuta. Stoo ni folda iliyo huko peke yake, nje ya Kidole, na ndani yake mna kizana kimoja kidogo kinachozipanga nukta kabla ujenzi haujaanza. Hakikuwahi kuwekwa pamoja na msimbo mwingine. Nadhani kilikuwa karibu mno nawe hata usikione. Nimekihamishia ndani ya Kidole, nikaurekebisha ukurasa, na ile mashine iliyofutwa ikakubali. Habari ya stoo imekwisha, sikuulizi tena.

Nakuuliza nyingine. Mimi sasa njia nimeijua, siwezi kuisahau nikaanza upya, na wageni wengine nimewafukuza kwa ukali wangu. Baba anasema karibuni utaruhusiwa kioo cha mwanga hafifu, kidogo kila siku. Ungekubali kuwa mgeni wangu? Nitaileta ile mashine, ikiwa imefutwa tena, kwa mkono wa Baba. Ukijenge Kidole kwa kufuata ukurasa, basi. Usitafute kitu kichwani. Ukikwama, hujakwama wewe, umekwama ukurasa. Andika mahali ulipokwama, kisha upumzike.

Hakuna mtu mwingine ninayemjua anayeweza kuulaumu ukurasa kama inavyostahili.

Bi Maswali


22 Aprili

Mwanangu,

Huu ndio mwandiko wangu. Uuvumilie, unapanda mlima. Kitambaa wamekitoa.

"Usitafute kitu kichwani." Mtu haandiki hivyo ila ameambiwa. Nilimgeukia Msusi, naye akaanza kuchunguza kucha za miguu yake kama mtu aliyezikuta leo. Usimlaumu. Mimi nimemnunia hadi wakati wa chakula, kisha nikahitaji chumvi.

Ni kweli. Nakikumbuka kiti. Nakumbuka feni ya mashine inavyokoroma, na wewe ukija kusimama nyuma yangu, unapumua kwa nguvu, hutaki kusema kitu. Ila mikono yangu ilikuwa inafanya nini pale juu ya kibodi, sioni. Nikipatazama mahali hapo napaona pametulia tu, kama ukuta ulioondolewa picha. Hapaumi. Hicho ndicho kinachoniogopesha, kwamba hapaumi.

Lile swali la mashine nililikuta tu kichwani. Sikujua hata kwa nini ni muhimu. Nilijua kwamba mtu akisema "kwangu inajengeka" lazima aulizwe, basi nikauliza. Sasa umenijibu, na umenieleza mwenyewe maana ya swali langu.

Kiti endelea kukikalia. Kisipokaliwa kitaliwa na wadudu.

Nitakuwa mgeni wako. Lakini mgeni wa kweli, usinipendelee, usinionee huruma. Nitalalamika.

Shangazi


5 Mei

Shangazi,

Baba ndiye huyo mbele yako na mashine. Njia nzima ameipakata mapajani kama mtoto mchanga, alikataa kuiweka chini. Haina kitu ndani. Ukurasa umechapwa kwa herufi kubwa, na pembeni nimeacha nafasi pana ya malalamiko.

Masharti ni yale anayopewa kila mgeni: usinipigie, usimtumie mtu kuniuliza, fuata kilichoandikwa hata kama ni cha kijinga. Hasa kama ni cha kijinga.

Nilimwandikia Kobe kumwomba radhi. Nilimweleza kwamba sikuwahi kusimama nje ya mlango niliokuwa namwambia aufungue. Alijibu kwa ufupi: "Akiingia mgeni mwingine, mmoja tu, niite."

Sina usingizi mzuri. Najiambia ni kwa sababu ya watoto wa mwalimu, na ni kweli, lakini nikijipekua vizuri si wao tu. Naogopa ukurasa usije ukakukatalia nyumba yako mwenyewe, na mwandiko ni wangu.

Mle vizuri, wewe na Msusi.

Bi Maswali


16 Mei

Bi Maswali,

Malalamiko ya mgeni.

Ukurasa unasema "toa amri ifuatayo". Nimeitoa. Imekataa. Nikaitoa tena kwa ukali, ikakataa kwa upole ule ule. Hukusema niwe nimesimama wapi. Niko kwenye folda gani? Wewe ulikuwa tayari ndani, kwa hiyo hukuona haja. Muda wangu wa kioo uliisha nikiwa nimekwama hapo, muuguzi akaifunga mashine, na mimi nikalala chali namtukana mwandishi wa ukurasa huu bila kumtaja jina. Msusi alishauri tuipige kofi. Kesho yake nikajaribu kuingia kwanza ndani ya folda ya Kidole, amri ikapita.

Hatua ya maktaba sasa ni nzuri. Nimeambiwa nitaona nini, nikakiona, nikatulia.

Kile kizana cha stoo nilikifungua nikakisoma. Sikukikumbuka, nakuambia wazi ili usije ukabaki unatumaini kitu. Nilikisoma kama mtu anavyosoma barua aliyookota njiani. Kimeandikwa na mtu mwenye haraka na akili, mvivu wa kupanga vitu. Mwishoni amejiandikia: "Hiki nitakihamisha baadaye." Hakukihamisha. Nilimpenda kidogo huyo mtu, nikamsamehe.

Lakini kipo kitu, Bi Maswali. Nilipofika katikati nilijua atakachofanya mstari unaofuata. Sikukumbuka, nilijua tu, kwa sababu ndivyo mtu mwenye akili timamu angefanya. Nikateremka kutazama, na ndivyo alivyofanya.

Hatua ya mwisho. Mistari ikaanza kupita. Waliniambia nisiitazame mingi inayokwenda mbio, kwa hiyo nilimkabidhi Msusi aitazame, mimi nikatazama dirishani. Akawa ananitangazia: "Bado inashuka. Bado inashuka. Mama wee, hii nayo ina maneno kunishinda mimi." Kisha akanyamaza. Nikajua ni kosa. Nikamwambia haya, soma. Akasema, "Limeandikwa neno moja, Tayari."

Sikulia. Aliyelia ni Msusi, na nadhani hakujua analia nini.

(Nilijua.)

Ongeza mstari huu juu kabisa ya ukurasa, kabla ya zana zote: "Kwanza ingia ndani ya folda ya Kidole; amri zote zitatolewa humo. Ukikwama, kosa si lako. Tuandikie."

Sasa mwite Kobe.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Kobe amejenga. Amefuata ukurasa na mstari wako juu yake, hakuuliza kitu. Ujumbe wake ulikuwa: "Nimeingia. Viatu nimevua." Ndani ya wiki hiyo marekebisho yakawa tayari, yeye na mwalimu wakakesha juu ya ile mashine ya shule kama wakunga. Karatasi niliyokunja humu ndiyo ya kwanza iliyosomeka. Mwalimu anasema mtoto aliyepewa kuijaribu aliipitisha vidole hadi chini, akasema, "Hii sasa inaongea," akaomba ya pili. Vitabu vinachapwa. Karatasi hiyo huna haja ya kioo kuigusa.

Wachangiaji wengine nao wamekuja, watu ambao sijui wametokea wapi. Wanajenga, wanaendelea na kazi. Ukurasa hawautaji, wanaupita tu kama kizingiti. Nimegundua hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Limebaki dogo la kiofisi. Kila badiliko kwenye Kidole huandikiwa jina la aliyelifanya na cheo chake. Ule mstari wako wa juu nimeuingiza, lakini mahali pa cheo nimeacha wazi. Kuna viwili tu vya kuchagua, mwanzilishi au mchangiaji mpya. Nimekaa mbele yake muda mrefu, kwenye kiti chako. Chochote nikiandika naona kama nakukosea.

Niandike nini?

Bi Maswali


9 Juni

Mwanangu,

Karatasi ya nukta naiweka chini ya mto. Siisomi vizuri bado, vidole vyangu ni vya mwanafunzi, lakini jina la shule nimelipata.

(Mimi nimepata nukta tatu na malengelenge.)

Unauliza niandikwe nani. Mwanzilishi ameshaandikwa, jina lake liko juu kabisa, liache hapo, simdai kitu wala hanidai. Aliyeleta mstari ule ni mtu mwingine. Amekuja na mashine tupu, akasimama nje, akakwama, akalalamika, akaingia kwa mlango uleule wanaoingilia wote.

Andika mchangiaji mpya. Na uniweke kwenye orodha yao, mwisho kabisa, chini ya Kobe na hao waliomfuata.

Daktari ananiachia mwisho wa mwezi. Nikifika nitataka kiti kingine, kiwekwe pembeni ya kile.

Mgeni wako,
Shangazi